Mpishi Hakuulizwa

Jumamosi iliyopita nilirudi kutoka kazini nikamkuta mama watoto wangu amesimama juu ya kreti la soda, anakanda unga wa chapati. Kreti alilitandika kitambaa ili asiteleze. Jiko lenyewe ni jipya. Makabati ni ya mninga, na juu yake limelazwa jiwe jeusi linalong'aa kama kioo. Fedha yake ni mkopo wa chama chetu cha kuweka na kukopa, na bado nina miezi 16 ya kukatwa mshahara.

"Mama Neema, kreti la nini tena?" nikamwuliza.

Hakugeuka. "Meza yako iko juu, Baba Neema."

Neno hilo "yako" lilinichoma, kwa sababu lilikuwa la haki. Mbao nilichagua mimi, jiwe nilichagua mimi, hata vitasa vya milango ya kabati ni mimi. Fundi aliponiuliza kimo cha meza, nilimwonyesha picha katika kitabu cha mauzo, nikamwambia afuate kipimo kilichoandikwa pale: sentimita 91. Mpishi hakuulizwa.

Msikilizaji, usidhani kwamba kosa hili lilianza nyumbani kwangu. Lina historia, na historia hiyo inatupeleka Ujerumani, katika mji wa Frankfurt, mwaka 1926.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza miji ya Ujerumani ilikuwa na uhaba mkubwa wa nyumba. Frankfurt ikaanza kujenga nyumba za bei nafuu kwa ajili ya wafanyakazi, chini ya usimamizi wa msanifu Ernst May. Kazi ya kubuni jiko la nyumba hizo akapewa mwanamke kutoka Vienna, Margarete Schütte-Lihotzky, mmoja wa wanawake wa kwanza nchini Austria kusomea usanifu wa majengo. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Mama huyu alifanya kazi kwa saa mkononi. Alipima muda wa kila shughuli ya jikoni, akahesabu hatua kutoka sinki hadi jikoni penye moto, na akajifunza kutoka katika vyumba vya kupikia vya mabehewa ya treni, ambamo mpishi hulisha abiria wengi katika nafasi finyu. Akatoa chumba chenye upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Makabati yaliungana ukutani, na kila kitu kilikuwa karibu na mkono. Majiko ya namna hiyo takriban 10,000 yaliwekwa katika nyumba za mji ule. Haya makabati tunayoagiza leo kwa mafundi wetu ni wajukuu wake.

Sasa sikiliza jinsi alivyochagua vifaa. Sehemu ya kukatia ilikuwa ya mti mgumu ambao Wajerumani huuita Buche, kwa kuwa haushiki madoa upesi na hustahimili kisu. Visanduku vya unga vilikuwa vya mwaloni, ili kuzuia wadudu. Makabati yalipakwa rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani, kwa imani ya wakati ule kwamba inzi hawaipendi. Chini ya dirisha aliweka kiti cha kuzunguka, ili mpishi akate mboga huku ameketi. Kila kifaa kilikuwa na sababu yake. Mimi nilipokuwa dukani, sababu yangu ilikuwa moja tu: jiwe linang'aa.

Hata hivyo, wapangaji walipohamia, wengine walinung'unika. Walikuwa wamezoea jiko ambalo familia hukaa, hula na kuzungumza. Hili lilitosha mtu mmoja tu. Mama hakuweza kupika na bintiye kando yake. Vile visanduku vya alumini vya kuwekea nafaka, vilivyopangwa chini, vilikuwa ndani ya uwezo wa mikono ya watoto. Na miaka mingi baadaye Schütte-Lihotzky mwenyewe, ambaye alifariki Januari 2000 akikaribia miaka 103, alieleza bila kuficha kwamba kabla ya kubuni jiko lile hakuwahi kujipikia. Vienna alipika mama yake, na Frankfurt alikula mkahawani.

Simlaumu. Yeye alitaka kumpunguzia mwanamke uchovu, na kwa sehemu kubwa alifaulu. Lakini saa inahesabu dakika, haikwambii mtu anapenda kupika na nani.

Huko Marekani, miaka hiyo hiyo, mhandisi Lillian Gilbreth alishauri kwamba kimo cha meza kilingane na kimo cha anayeitumia. Ushauri mzuri, lakini kiwanda hakiwezi kumpima kila mama. Kiwanda kinataka kipimo kimoja, na kipimo kilichoenea Marekani kikawa inchi 36. Zipige hesabu, msikilizaji: ni sentimita 91. Ndizo zilizokuwa katika kitabu changu cha mauzo. Zilivuka bahari, zikafika Dar es Salaam, zikamkuta Mama Neema mwenye futi tano kasoro inchi moja.

Tena kipimo hicho hakijui ugali. Ugali husongwa kwa nguvu ya bega kutoka juu. Ukiweka jiko la gesi juu ya meza ya sentimita 91, na sufuria juu yake, mwiko wa mama mfupi unafika usawa wa kidevu. Bibi zetu walilijua hilo, ndiyo maana mafiga yalikuwa chini. Na kile kiti cha Frankfurt kisitushangaze sana. Bibi wa pwani alikuwa anakuna nazi ameketi juu ya mbuzi yake, wala hakuhitaji kufundishwa na msanifu yeyote.

Jumatatu nilimwita fundi. Jiwe linainuliwa, miguu ya makabati inapunguzwa sentimita 10, na gharama ni yangu. Safari hii alipotoa futi kamba, nilimwambia asinitazame mimi. Akampima Mama Neema kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko.

Alipomaliza, akamwuliza kama ana jambo jingine. Mama Neema akatazama huku na huku, makabati ya juu na ya chini, droo na rafu.

"Kinu changu kitakaa wapi?" akauliza. "Na mbuzi?"

Fundi akanitazama mimi. Sikuwa na jibu.

Kwa leo naishia hapo.