Kura ya Siri na Sanduku Lake: Kutoka Pontefract hadi Kinanie

Siku ya uchaguzi mkuu, mpiga kura wa wadi ya Kinanie, eneo bunge la Mavoko, Kenya, hupewa karatasi sita na kukuta masanduku sita. Kifuniko cheupe ni cha rais, cha buluu gavana, cha manjano seneta, cha kijani mbunge, cha zambarau mwakilishi wa kike. Cha sita ni cha mwakilishi wadi. Utaratibu huo ulianza mwaka 2013, lakini sanduku lenyewe lina safari ndefu.

Victoria, Australia, ndiko kura ya siri ya karatasi zilizochapishwa na serikali ilikoanzia, 1856. Uingereza ikaiga 1872. Uchaguzi wake wa kwanza wa siri ulifanyika mjini Pontefract, 15 Agosti mwaka huo, na sanduku lililotumika bado lipo: la mbao, limefungwa kwa lakiri iliyopigwa mhuri wa kiwanda cha peremende! New York, nako, wizi wa kura ulimfanya Samuel Jollie abuni sanduku la kioo, kila mtu aone kilichomo.

Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza Machi 1957, na Ukambani ikamchagua James Muimi. Haikuwa kura ya wote: kulikuwa na masharti ya elimu, mali na utumishi, na aliyetimiza mengi aliweza kupewa hadi kura tatu. Kila mtu mzima alipata kura moja mwaka 1963.

Kisha siri ikaondolewa. Mwaka 1986 chama tawala, KANU, kiliamua wagombea wake wateuliwe kwa mlolongo, na Februari 1988 wananchi wakapanga foleni nyuma ya wagombea au picha zao, mbele ya macho ya chifu. Aliyepita asilimia 70 alihesabiwa amekwisha kuchaguliwa. Ilikuwa fedheha tupu: foleni fupi iliweza kutangazwa mshindi, na karatasi za kuhesabu upya hazikuwepo. Maaskofu Henry Okullu na Alexander Muge walipinga waziwazi. KANU iliufuta mlolongo Desemba 1990.

Masanduku yanayopitisha mwanga yalikuja 2002, na kura zikahesabiwa kituoni badala ya kusafirishwa usiku. Katiba ya 2010, kifungu cha 81, inataka kura iwe ya siri. Cha 86 kinataka ihesabiwe na kutangazwa kituoni. Kwa hiyo, ndugu mpiga kura wa Kinanie, ukishapiga yako, rudi jioni usome matokeo ya rais kwenye Fomu 34A iliyobandikwa mlangoni.