Lebo ya baiti nne: VLAN ilitoka wapi?

Panda gari Omurushaka ukielekea Murongo, mpakani na Uganda. Mwaka 2012 wilaya ya Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe, lakini barabara haikukatwa. Lori la kahawa linapita palepale, ila njiani sasa kuna halmashauri mbili. Ukilielewa hilo, umeshaielewa nusu ya VLAN, yaani mtandao pepe ndani ya mtandao halisi: waya mmoja, wilaya nyingi.

Turudi nyuma kidogo. Etheneti ilizaliwa 1973 katika maabara ya Xerox, California. Kompyuta zote zilikaa kwenye waya mmoja, kila moja ikisikia zote. Zikiwa chache, hakuna shida. Zikiwa mamia, ni kelele tupu. Miaka ya 1980, W. David Sincoskie wa Bellcore, Marekani, alitaka kuunganisha Etheneti nyingi bila kutegemea ruta, ambazo wakati huo zilikuwa ghali na za polepole. Wazo lake: kila kifurushi cha data kipewe lebo, kama rangi, ili swichi ijue kipite njia ipi. Yeye na Chase Cotton wakaliboresha, na mwaka 1998 IEEE ikatoa kiwango cha 802.1Q.

Lebo yenyewe ni baiti 4 tu. Biti 12 kati yake ni namba ya VLAN, ndiyo maana unaruhusiwa kutumia 1 hadi 4094.

Sasa fikiria seva ya shule, Kayanga au Nkwenda: huku mhasibu, kule maabara ya kompyuta ya wanafunzi. Zamani ungenunua kadi mbili za mtandao na kuvuta nyaya mbili. Linux ilipoanza kuielewa lebo hiyo mwaka 2001, kadi moja ikawa mbili: eth0.10 ya mhasibu, eth0.20 ya wanafunzi. Mlango wa swichi nao lazima uruhusu namba hizohizo, la sivyo utakesha ukilaumu waya.

Ila usisahau historia: lebo ilibuniwa kupanga msongamano, si kuficha siri. Haisimbi data. Na seva yako ikipitisha data kati ya VLAN hizo mbili bila ukuta wa moto, mwanafunzi atafika kwa mhasibu.

Basi ukimaliza kuweka namba, kaa kwenye kompyuta ya mwanafunzi, ujaribu kuifikia ya mhasibu. Ikifikika, mpaka wako upo kwenye karatasi tu.