Tuzo za Uandishi wa Habari za SADC: Mwongozo kwa Waandaaji wa Vipindi vya Televisheni wa Bagamoyo na Ukanda wa Pwani

Kila mwaka waandishi wa habari wa Tanzania hualikwa kushindania Tuzo za Uandishi wa Habari za Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), ambazo zina kundi maalumu kwa ajili ya kazi za televisheni. Kwa waandaaji wa vipindi walioko Bagamoyo na vijiji vya pwani ya kaskazini mwa Dar es Salaam, mashindano haya ni nafasi ya kuzifikisha habari za eneo lao kwa watazamaji wa nchi 16. Makala haya yanaeleza tuzo hizo ni zipi, nani anaruhusiwa kushiriki, ni kazi ya namna gani inayofaa kuwasilishwa na maandalizi yanayopaswa kufanywa mapema.

Chimbuko la tuzo

Tuzo hizi zilianzishwa mwaka 1996 kwa uamuzi wa Baraza la Mawaziri la SADC. Lengo lake ni kukuza weledi wa uandishi wa habari na kuwahamasisha wanahabari kuandika na kutangaza masuala yanayozigusa nchi wanachama kwa pamoja. Sekta ya habari ni sehemu ya ushirikiano rasmi wa Jumuiya hiyo, na Itifaki ya Utamaduni, Habari na Michezo ilitiwa saini Blantyre, Malawi, Agosti 2001.

Mashindano yana makundi manne: magazeti, redio, televisheni na picha za habari. Katika matangazo ya miaka ya karibuni, mshindi wa kwanza wa kila kundi ametengewa dola za Marekani 2,500 na mshindi wa pili dola 1,000. Tuzo hutolewa sambamba na Mkutano wa Kilele wa Wakuu wa Nchi na Serikali wa SADC, ambao kwa kawaida hufanyika mwezi Agosti.

Nani anaruhusiwa kushiriki

Mashindano yako wazi kwa mwandishi wa habari ambaye ni raia wa nchi mwanachama na anayefanya kazi na chombo cha habari kilichosajiliwa au kupewa leseni. Wafanyakazi wa Sekretarieti ya SADC na wa taasisi zake hawaruhusiwi kushiriki, wala wale walio katika vyombo vilivyoingia mkataba wa kufanya kazi za habari kwa niaba ya Jumuiya hiyo.

Mwandaaji wa kujitegemea asiye na ajira ya kudumu anapaswa kuzingatia jambo moja tangu mwanzo. Kipindi kilichobaki katika kompyuta yake, hata kiwe kizuri kiasi gani, hakijawa kazi ya kushindanishwa. Ni lazima kiwe kimerushwa na chombo kinachotambulika kisheria. Kwa Tanzania, leseni za utangazaji hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na mwandishi mwenyewe anatakiwa kuwa na ithibati kwa mujibu wa Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Hivyo makubaliano na kituo cha televisheni yanapaswa kutangulia upigaji wa picha, yasisubiri kipindi kikamilike.

Kazi inayokubalika

Kazi inayowasilishwa huwa ni ile iliyorushwa kati ya Januari na Desemba ya mwaka uliotangulia. Mwisho wa kupokea kazi kwa kawaida huwa mwishoni mwa Februari. Kwa hesabu hiyo, mwandaaji anayeanza kufikiria tuzo baada ya tangazo kutoka hana tena nafasi ya kutengeneza kipindi kipya kwa mashindano ya mwaka huo. Anaweza tu kuchagua miongoni mwa kazi alizokwisha kurusha.

Maudhui yanapaswa kuhusu masuala yanayoendeleza mtangamano wa kikanda, yakiwemo uchumi, miundombinu, maji, kilimo, utamaduni na michezo. Sharti hili linastahili kueleweka vizuri kuliko yote. Habari ya kijiji kimoja inakubalika, ilimradi imwoneshe mtazamaji wa Lusaka, Maputo au Antananarivo kwa nini jambo hilo linamhusu naye.

Tamthilia na filamu za kubuni haziingii katika kundi hili. Wasanii wa uigizaji, wakiwemo wahitimu wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), wana majukwaa mengine, kama vile Tuzo za Filamu Tanzania zilizoanza mwaka 2021 chini ya Bodi ya Filamu, na Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Kwa wanahabari wanaotaka kupimwa ndani ya nchi, zipo pia Tuzo za Umahiri wa Uandishi wa Habari Tanzania (EJAT), zilizoanza mwaka 2009 chini ya uratibu wa Baraza la Habari Tanzania.

Habari za pwani zenye sura ya kikanda

Bagamoyo ina utajiri wa habari zinazovuka mipaka ya nchi. Mji huo, ulio umbali wa takriban kilomita 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mkabala na nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Njia hiyo ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu iliwekwa katika orodha ya awali ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2006, na miongoni mwa vituo vyake ni Mpwapwa, Kilimatinde na Kwihara. Kipindi kinachoonesha Bagamoyo pekee hueleza nusu ya habari hiyo. Kinachofuata njia kuelekea bara huifikisha habari kwa majirani.

Mfano wa wazi ni safari ya mwili wa David Livingstone, aliyefariki dunia mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya leo. Wafuasi wake waliubeba hadi Bagamoyo na kuufikisha katika misheni ya Kikatoliki Februari 1874, kabla ya kuvushwa kwenda Zanzibar na kisha Uingereza. Miongoni mwa viongozi wa msafara huo walikuwa James Chuma, aliyetoka katika eneo la Malawi ya sasa, na Abdullah Susi, aliyetoka Msumbiji. Habari moja ya Bagamoyo, ikisimuliwa kwa kuwatazama waliobeba mzigo huo, inazigusa nchi nne wanachama wa SADC.

Habari za maisha ya sasa nazo ni nyingi. Huko Mlingotini wanawake hulima mwani, zao linalolimwa pia Zanzibar na Madagaska, na ongezeko la joto la maji ya kina kifupi limewalazimu wakulima kutafuta mbinu za kulima katika maji ya kina kirefu zaidi. Mbegani kipo chuo kilicho chini ya Wakala ya Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, na uvuvi ni sekta yenye itifaki yake ya SADC iliyotiwa saini mwaka 2001. Mikoko ya mdomo wa Mto Ruvu ni ya jamii ya misitu inayopatikana pia katika mwambao wa Msumbiji na Madagaska. Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 2005, inawakutanisha wanyamapori na Bahari ya Hindi, jambo lenye uzito katika mjadala wa utalii wa kikanda.

Katika kila mfano, kazi ya mwandishi ni kuuonesha uhusiano huo kwa ushahidi. Kutaja jina la SADC katika sentensi ya mwisho ya kipindi hakutoshi. Mkulima wa mwani wa Mlingotini anaweza kulinganishwa na mwenzake wa Madagaska kwa mahojiano yaliyofanywa kwa njia ya mtandao, kwa takwimu za taasisi husika au kwa maelezo ya mtaalamu anayezifahamu nchi zote mbili. Gharama ya kufanya hivyo ni ndogo kuliko ya kusafiri, lakini inahitaji kupangwa kabla ya kipindi kuhaririwa.

Suala la lugha

Mkutano wa Kilele uliofanyika Dar es Salaam Agosti 2019 uliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne ya SADC, baada ya Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Hiyo ni heshima kwa wazungumzaji wake, na mwandaaji wa pwani hana sababu ya kuwalazimisha wavuvi au wakulima kuzungumza lugha wasiyoimudu ili kipindi kionekane cha kimataifa. Kanuni za tuzo zimekuwa zikiruhusu kazi zilizoandaliwa kwa lugha za taifa na za asili, kwa sharti kwamba ziambatane na maandishi ya maneno yote ya kipindi, yaliyotafsiriwa kwa mojawapo ya lugha za kazi za Jumuiya.

Majaji wa hatua ya kikanda wanatoka katika nchi tofauti, na baadhi yao watakielewa kipindi kwa kusoma tafsiri. Methali, lahaja na majina ya zana za uvuvi yakitafsiriwa kwa pupa, kipindi hupoteza nguvu yake mbele ya jaji asiyejua Kiswahili. Inashauriwa tafsiri ifanywe na mtu mwenye ujuzi wa lugha zote mbili, kisha isomwe sambamba na picha ili kuhakikisha kwamba kila sauti inayosikika imeandikwa.

Hatua za kuwasilisha

Kwa upande wa Tanzania, uratibu wa tuzo hufanywa na Idara ya Habari–MAELEZO, ambayo hutoa tangazo, fomu za ushiriki na maelekezo ya mahali pa kuwasilisha kazi. Mshiriki anashauriwa kuandaa mambo yafuatayo:

1. Fomu ya ushiriki ya mwaka husika, iliyojazwa kikamilifu na kutiwa saini.
2. Nakala ya kipindi kama kilivyorushwa hewani, bila kuhaririwa upya kwa ajili ya mashindano.
3. Uthibitisho wa kurushwa kwa kipindi unaotaja tarehe na jina la kituo. Barua ya kituo iombwe mara tu baada ya kipindi kurushwa, wakati kumbukumbu za ratiba zingali rahisi kupatikana.
4. Maandishi ya kipindi pamoja na tafsiri yake.
5. Nakala ya kitambulisho kinachothibitisha uraia na kitambulisho cha uandishi wa habari.

Kazi zilizopokelewa hupitiwa kwanza na Kamati ya Majaji ya Kitaifa, ambayo huchagua kazi bora ya kila kundi. Kazi hizo hupelekwa Sekretarieti ya SADC, Gaborone, Botswana, kwa ajili ya Kamati ya Majaji ya Kikanda inayotoa uamuzi wa mwisho. Mwandishi wa Bagamoyo kwa hiyo hushindana kwanza na wenzake wa nchi nzima, ndipo kazi yake ikutane na zile za nchi nyingine.

Vibali na haki za wengine

Mwandaaji anapaswa kuwa na vibali vinavyohusu maeneo aliyopiga picha. Upigaji picha ndani ya Hifadhi ya Saadani hufanywa kwa utaratibu wa Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), na ndege zisizo na rubani hutumika kwa kibali kwa mujibu wa kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Katika vijiji vya pwani, kutoa taarifa kwa ofisi ya serikali ya kijiji ni utaratibu na ni adabu.

Muziki unaotumika katika kipindi una mwenyewe. Ngoma ya kikundi cha Bagamoyo au wimbo wa taarabu hautumiki bila ridhaa ya wenye haki, na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) hutoa mwongozo kuhusu jambo hilo. Vilevile ridhaa ya wanaohojiwa ipatikane kwa uwazi, hususan pale kipindi kinapohusu watoto au wagonjwa. Anayehojiwa aelezwe kwamba kipindi kinaweza kuonekana nje ya nchi.

Manufaa kwa jamii

Ushindi humletea mwandishi heshima na fedha. Kwa jamii iliyooneshwa, faida inaanza mapema zaidi. Kipindi kilichofanyiwa utafiti kwa kiwango cha mashindano ya kikanda huwa kimemsikiliza mkulima wa mwani kwa makini, kimehakiki takwimu na kimewauliza wataalamu maswali yanayostahili majibu. Manufaa hayo hubaki kwa watazamaji hata kama kazi haikuchaguliwa.

Waandishi wanaokusudia kushiriki wanahimizwa kuhifadhi tangu sasa nakala za vipindi vinavyorushwa, uthibitisho wa tarehe na maandishi ya mahojiano, na kufuatilia matangazo ya Idara ya Habari–MAELEZO. Masharti, viwango vya zawadi na tarehe ya mwisho huwekwa kwa kila mwaka, hivyo tangazo la mwaka husika ndilo linalopaswa kufuatwa.