Pumzi ya Tanuru la Shaba Katanga

Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi, na moto wa makaa usiopulizwa ni vigumu kufika huko. Ndiyo maana wafua shaba wa Katanga, Wasanga na baadaye Wayeke wa mtawala Msiri, walihitaji mivukuto. Wanahistoria hupenda kuhesabu misalaba ya shaba iliyofukuliwa makaburini Sanga, katika bonde la Upemba. Mlango wa hewa hawautazami sana, ingawa mvukuto usio na mlango mzuri hujiunguza wenyewe.

Tatizo huanza mvukuto unapovuta. Ngozi ikiinuliwa, nafasi ya ndani hupanuka na shinikizo la hewa hushuka kuliko la nje. Hewa huingia kwa njia iliyo rahisi zaidi. Kama njia pekee ni bomba linaloelekea motoni, mvukuto hufyonza gesi ya moto na cheche, na ngozi huharibika.

Afrika ya Kati ilijua dawa mbili. Mfuko wa ngozi ulikuwa na mdomo mpana wenye vijiti viwili: mfuaji aliufumbua alipoinua na kuufumba alipokandamiza, mkono wake ukiwa ndio valvu. Mvukuto wa chungu au wa gogo lililochongwa, uliofunikwa ngozi iliyolegea, mara nyingi haukuwa na valvu yoyote. Mdomo wake uliwekwa karibu na bomba la udongo huku mwanya ukiachwa kati yao. Wakati wa kuvuta, hewa safi iliingia katika mwanya huo, na ombwe likaisha kabla moto haujarudi nyuma. Wakati wa kusukuma, upepo ulikuwa na kasi ya kutosha kuruka mwanya na kuingia bombani moja kwa moja. Sehemu yake ilipotea, lakini hasara hiyo ilikuwa nafuu kuliko kuchoma ngozi. Mivukuto miwili ilipishana, mmoja ukivuta mwingine ukisukuma, ili moto usikose upepo.

Mengi yanayojulikana kuhusu wafuaji hao yametokana na maelezo ya Jean-Félix de Hemptinne, mmisionari Mbenediktini, yaliyochapishwa mwaka 1926. Wakati huo kazi yenyewe ilikuwa imekwisha kuzimwa. Wenyeji walikuwa wamechimba malakiti, mawe yenye shaba, huko Kalukuluku, karibu na Lubumbashi ya leo, muda mrefu kabla kampuni ya madini ya Union Minière haijaanzishwa mwaka 1906.

Reli ilifika Élisabethville, yaani Lubumbashi, mwaka 1910, na tarehe 30 Juni 1911 tanuru la kampuni hiyo likatoa shaba yake ya kwanza. Upepo sasa ulisukumwa na mashine bila kukatika, kwa hiyo hapakuwa tena na zamu ya kuvuta. Hata hivyo, katika matanuru ya aina hiyo mashine ikizimika gesi ya tanuru huweza kurudi katika mabomba, ikachanganyika na hewa na kulipuka. Ndiyo maana mafundi hufungua vifuniko vya mabomba mara upepo unapokatika, gesi itokee nje.