Msaidizi wa foleni

Msaidizi wa foleni ni mfumo wa gari unaofuata gari lililo mbele kwa mwendo wa polepole, ukiongeza mwendo, kuupunguza na kusimama bila dereva kukanyaga pedeli. Aina nyingi pia huongoza usukani ili gari libaki katika njia yake. Mfumo huu ni tofauti na kidhibiti mwendo cha mabasi, ambacho huzuia tu gari kuvuka kasi iliyowekwa.

Utendaji

Rada, ambayo mara nyingi hufichwa nyuma ya nembo ya mbele, hupima umbali wa gari lililotangulia na tofauti ya mwendo. Kamera iliyo juu ya kioo cha mbele, kwa ndani, husoma mistari ya barabara. Gari la mbele likisimama, mfumo hushika breki. Likiondoka baada ya sekunde chache, gari hulifuata. Likikawia, magari mengi husubiri dereva abonyeze kitufe au akanyage mafuta kidogo. Mguu hupata nafuu, na dereva hufika bila uchovu mwingi.

Historia

Ralph Teetor, mhandisi kipofu wa Marekani, alibuni kifaa cha kushikilia mwendo mmoja, nayo Chrysler ikakitumia kwenye magari yake ya mwaka 1958. Kwenye foleni hakikufaa, maana hakikutambua gari la mbele. Mwaka 1995 Mitsubishi Diamante ya Japani ilipima umbali kwa leza, lakini haikuweza kushika breki. Mercedes-Benz ilileta mfumo wa rada mwaka 1999, na mwaka 2005 toleo lililoweza kusimamisha gari kabisa. Machi 2021 Honda Legend ilianza kutolewa nchini Japani ikiwa na uwezo wa kujiendesha kwenye foleni za barabara kuu, dereva akiwa tayari kupokea usukani akiitwa.

Mipaka

Tope kwenye rada, mvua kubwa na mistari iliyofutika hudhoofisha mfumo. Bodaboda inayochomekea ghafla inaweza kutambuliwa kwa kuchelewa. Kioo cha mbele kikibadilishwa, kamera hulazimika kurekebishwa upya kwa vipimo.

Katika magari mengi yenye mfumo huu, wajibu wa kuliongoza gari hubaki kwa dereva, naye hapaswi kuondoa macho barabarani. Anayenunua gari lililotumika kutoka Japani ahakikishe kwanza, kwa fundi anayeijua mifumo hii, kwamba rada na kamera zinafanya kazi kabla ya kuzitegemea.