Ziwa Lilipoipa Ujiji Kisogo

Mgeni akifika Ujiji hupelekwa moja kwa moja kwenye mwembe wa Livingstone. Huoneshwa mahali Stanley alipomkuta mwaka 1871, hupiga picha, akaenda zake. Inaniuma kwamba haambiwi habari ya ardhi inayoteremka kutoka hapo hadi ufukweni: zamani ilikuwa Ziwa Tanganyika, na ziwa ndilo lililoujenga mji.

Wapelelezi Burton na Speke walipofika Februari 1858 walitaka jahazi. Speke akavuka hadi kisiwa cha Kasenge, ng'ambo, kumwomba Mwarabu mmoja chombo chake, akarudi mikono mitupu. Ikabidi wakodi mitumbwi kwa Kannena, mkuu wa Kawele, na kwa masharti yake, ndipo wakafika Uvira. Bunduki na vitambaa walikuwa navyo. Mitumbwi na wapiga kafi walikuwa wa Wajiji. Mitumbwi hiyo ilichongwa kwa magogo ya Goma, upande wa Kongo.

Sokoni zilikutana chumvi ya Uvinza, mawese, samaki, pembe za ndovu na, tusifiche, watu waliouzwa kama bidhaa. Fedha ya soko ilikuwa shanga ziitwazo sofi. Mpelelezi Cameron, aliyefika mwaka 1874, aliwakuta watu wenye mifuko ya sofi wakimbadilishia kila aliyekuja kununua na shanga za aina nyingine. Soko likifungwa, wauzaji waliwarudishia sofi zao. Mji usio na mpango wa biashara hauwi na wabadilishaji wa fedha. Mwaka 1881 Sultani Barghash wa Zanzibar alimtambua Mwinyi Kheri, mfanyabiashara kutoka Mrima, kuwa gavana wake hapo.

Wakati huo maji yalikwisha kuanza kuondoka. Si Ujiji peke yake iliyoachwa na maji. Tiro ya Wafoinike, ile ya mfalme Hiramu, iliacha kuwa kisiwa kwa sababu ya vita: mwaka 332 KK Aleksanda aliijaza bahari mawe ili aufikie mji, mchanga ukajikusanya, kisiwa kikaungana na bara. Ujiji haikuhitaji adui. Karibu na 1878 ziwa lilizibua Mto Lukuga, njia yake ya kutokea kuelekea Kongo, iliyokuwa imezibwa na udongo na mimea. Katika miaka isiyofika 20 kina kikashuka kwa karibu mita 10. Pwani ya Ujiji ni tambarare, hivyo kila maji yaliposhuka kidogo, ufuko ulisogea mbali.

Kigoma, kilomita chache kaskazini, ina ghuba yenye kina na vilima vya kuikinga na upepo. Wajerumani walipoifikisha reli kutoka Dar es Salaam mwaka 1914, waliishushia huko. Mwaka uliofuata ikashushwa majini hapo meli Graf von Goetzen, iliyoletwa vipandevipande kutoka Ujerumani. Ndiyo Liemba ya leo. Shehena ikafuata reli, wafanyabiashara wakafuata shehena, na ofisi za serikali zikahamia Kigoma.