Sufuria ya Pombe na Mkono wa Dola

Mwezi Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter wa Marekani alitia saini sheria iliyomruhusu raia kutengeneza bia nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe bila kulipa kodi. Mwezi huohuo Daniel arap Moi alithibitishwa kuwa Rais wa Kenya, na miaka miwili baadaye nchi yake ikatunga Sheria ya Kupiga Marufuku Chang'aa. Huwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza ni ipi kati ya nchi hizo mbili ambayo kupika pombe nyumbani ni utamaduni mkongwe zaidi. Hucheka kabla ya kujibu.

Mtu makini atanipinga kwamba nachanganya bia na gongo, na atakuwa na hoja: sheria ya Carter haikuruhusu kukeneka pombe kali. Hata hivyo, tukirudi nyuma kidogo tutaona kwamba dola za Afrika hazikuanza na gongo. Zilianza na bia ya nafaka.

Mwaka 1908 koloni la Natal lilipitisha sheria iliyoipa miji mamlaka ya kuhodhi utengenezaji na uuzaji wa bia ya mtama kwa Waafrika. Durban ikafungua kumbi za bia za manispaa, na faida ikalipia gharama za kuwatawala wanywaji walewale: mabweni yao, polisi wao. Mwanamke aliyekuwa akipika kwa chungu chake akageuka mhalifu, si kwa sababu bia yake ilikuwa mbaya, bali kwa sababu ilishindana na hazina ya mji. Nairobi ilifuata mfano huo mwanzoni mwa miaka ya 1920. Huko Durban, kumbi hizo zilisusiwa mwaka 1929. Na mwezi Juni 1959 wanawake wa Cato Manor walizivamia kwa fimbo, wakawafukuza wanaume na kuimwaga bia. Nadhani tukio hilo linastahili nafasi kubwa zaidi katika mihadhara yetu ya ukombozi kuliko tunayolipa.

Marekani nayo ilikuwa na kigugumizi chake. Marufuku ya pombe ilianza 1920 ikaondolewa 1933, lakini ingawa divai ya nyumbani iliruhusiwa, bia ya nyumbani iliachwa nje kwa miaka 45. Sheria ya 1978, iliyoanza kutumika Februari 1979, iliweka kikomo cha galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima anayeishi peke yake, na galoni 200 (takriban lita 757) kwa kaya yenye watu wazima wawili au zaidi. Kuuza hairuhusiwi. Majimbo ya mwisho, Alabama na Mississippi, yalikubali mwaka 2013 tu. Matokeo yake hayakuishia jikoni. Ken Grossman, aliyekuwa na duka la vifaa vya wapika bia wa nyumbani mjini Chico, California, alianzisha kiwanda cha Sierra Nevada mwaka 1980, na wengine wengi wakapita njia hiyohiyo kutoka sufuria hadi kiwanda.

Na kazi yenyewe ni ipi? Mwanafunzi wa Kimarekani anachemsha maji na kimea cha shayiri kwa muda wa saa moja, anatia hopi kwa ajili ya uchungu, anapoza haraka, anatia hamira, kisha anafunika ndoo safi ya lita ishirini hivi mahali pasipo na joto kali kwa wiki mbili. Siri ya ubora ni usafi: chombo kichafu huharibu bia kuliko kiungo duni. Mpika mbege wa Kilimanjaro huotesha ulezi, huukausha na kuusaga. Huchemsha ndizi mbivu kwa saa nyingi, huziacha zichachuke kwa siku kadhaa, huchuja, hutia magome ya msesewe kwa ajili ya uchungu, kisha huchanganya na uji wa ulezi. Nafaka iliyooteshwa, mchemko, uchungu wa mmea, subira. Mmoja anaitwa fundi wa bia na huandikiwa vitabu. Mwingine anaitwa mama wa kilabuni.

Mwaka 2010 Kenya ilibatilisha ile marufuku na kuihalalisha chang'aa, lakini kwa masharti ya leseni na chupa za kioo za mililita 250. Tafakari, msomaji, mjane mwenye pipa moja atazipata wapi chupa hizo. Aliyebaki gizani alibaki gizani, na mwezi Mei 2014 makumi ya watu walikufa kwa vinywaji vilivyotiwa methanoli, sumu ya viwandani ambayo hakuna ulezi wala shayiri inayoizalisha kwa kiwango cha kuua.

Bibi yangu mzaa mama alilipa ada yangu ya sekondari kwa mbege. Siku ambazo wakaguzi walitarajiwa, pipa lilihamia migombani. Walipofika hawakuuliza kama maji yalichemshwa wala kama pipa lilioshwa; waliuliza risiti. Watumishi wa umma wanaosoma hapa wanajua kwamba bwana afya wa kata angeweza kuuliza yale maswali mawili ya kwanza, na kwamba ada ya leseni ingeweza kupimwa kwa lita, kama Wamarekani walivyopima kikomo chao kwa galoni.